Sato Ale Nini?

Ukimuuliza mfugaji wa samaki pesa yake inaishia wapi, hatakutajia vifaranga wala nyavu. Atakutajia mfuko wa chakula. Zaidi ya nusu ya gharama ya kumkuza sato kizimbani hadi afae kuuzwa ni chakula, na ndani ya chakula hicho kinachopandisha bei ni protini. Ukanda wa Ziwa Victoria umezoea kuipata protini hiyo kwa dagaa, hao hao wanaoungwa kwa nyanya na kitunguu na kuliwa na ugali majumbani. Wakati huo huo, nyuma ya kila kinu cha alizeti, kila mashine ya kukoboa mpunga na kila kiwanda cha bia kuna malundo ya mashudu, pumba na machicha. Sokoni nako kuna maganda na mbegu zinazotupwa kila jioni. Kwa nini samaki wasipewe hayo, dagaa wakabaki chakula cha watu?

Kila anayejibu swali hili hulijibu kutoka pale alipokaa, kwa hiyo nimeona nisiliandike kwa sauti yangu peke yake. Wanaozungumza hapa si watu fulani wenye majina yao. Ni sauti nne nilizoziunda kutokana na hoja zinazobishaniwa kati ya mwalo, kizimba, kinu na maabara. Mfugaji ni kijana mwenye vizimba vinne katika Ghuba ya Mwanza. Mama Dagaa anaanika na kuuza dagaa mwaloni. Mzee wa Kinu anakamua alizeti Singida. Daktari ni mtafiti wa lishe ya samaki. Nami nitaingia pale ninapoona hoja inahitaji kusukumwa.

Mfugaji: Nianze mimi, maana mfuko unatoka kwangu. Chakula cha kuelea kutoka nje kinanifikia kikiwa kimeshalipiwa meli, ushuru na lori. Kinachotengenezwa hapa kina dagaa ndani, na dagaa wakipanda bei nacho kinapanda. Huku mashudu ya alizeti yanapakiwa Singida na Dodoma kwenda nchi jirani. Samaki wangu ni sato, si sangara. Ziwani anakula mwani, utumbo wake mrefu, tumbo lake lina tindikali kali ya kuvunja majani. Kwa nini nimlishe dagaa?

Mama Dagaa: Mwanangu, hapo umesema neno langu. Zamani mnunuzi mkubwa alikuwa wa kupeleka Dar es Salaam au Kongo. Sasa linakuja lori la watu wa chakula cha mifugo. Masika dagaa wakinyeshewa juu ya mchanga wanavunda, hao wakienda kwa kuku na samaki sina neno. Lakini kiangazi wale wazuri, wanaong'aa kama fedha, nao wanapakiwa lori hilo hilo. Mwenye watoto wanne anakuja na pesa yake ile ile ya siku zote, ananiuliza mbona kipimo kimepungua. Nimjibu nini?

Nasimama upande wa Mama Dagaa kwa hesabu. Chukua chakula chenye gramu 200 za dagaa wakavu katika kila kilo. Sato akihitaji kilo moja na nusu ya chakula hicho ili aongeze kilo moja ya mwili, atakuwa amekula gramu 300 za dagaa wakavu. Dagaa wabichi kilo 3 hadi 4 hutoa kilo moja ya wakavu, kwa hiyo hapo imetumika takriban kilo moja ya dagaa walivyotoka ziwani. Kilo imeingia, kilo imetoka, na iliyotoka ni ya bei ambayo mama mwenye watoto wanne haifikii. Tena dagaa huliwa wazima, pamoja na mifupa yenye kalsiamu, kichwa chenye vitamini A, chuma na zinki. Minofu ya sato haina vyote hivyo kwa kiasi hicho. Tanzania ilipopima watoto wake mwaka 2022, asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Dagaa ndio mavuno makubwa kuliko yote ya Ziwa Victoria kwa uzito. Kuwageuza kuwa malighafi ya samaki wa hotelini ni jambo linalotakiwa kuumiza kichwa cha kila anayeandika sera ya uvuvi.

Daktari: Nakubaliana nanyi, na ninao mfano. Samoni ni mla nyama tangu azaliwe. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha samoni wa Norway kilitoka baharini, yaani unga na mafuta ya samaki. Kufikia mwaka 2013 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 30, na nafasi iliyobaki ilijazwa zaidi na mimea. Kama mla nyama kaweza, sato ataweza kwa urahisi zaidi.

Mfugaji: Basi si tumemaliza, Daktari?

Daktari: Hatujaanza, kaka. Wale hawakufungua gunia la mashudu wakamwaga majini. Waliichukua soya, wakatoa mafuta, wakaondoa sukari na vitu vinavyozuia mmeng'enyo, wakabaki na protini safi. Samoni aliyepewa soya ya kawaida utumbo wake wa nyuma ulivimba. Mmea hautengenezi mbegu ili samaki ashibe, huitengeneza ili imee, na huilinda. Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga kimeng'enya cha kuvunja protini, ndiyo maana lazima ipikwe. Muhogo una sianidi. Pamba ina gosipoli. Alizeti haina sumu ya namna hiyo, ila imejaa maganda.

Mzee wa Kinu: Mwanangu, mashudu haya ng'ombe wanakula tangu baba yangu aweke kinu. Wananenepa, wanatoa maziwa. Leo unaniambia hayafai?

Daktari: Shikamoo yangu naiweka mbele, mzee wangu, sijasema hayafai. Ng'ombe ana tumbo lenye vijidudu vinavyochachusha nyuzinyuzi na kuzivunja, na hata gosipoli huipunguza makali. Samaki hana tumbo hilo. Nyuzinyuzi zikizidi kiasi kidogo zinapita zilivyo na kutoka nyuma, zimebeba chakula kingine. Alizeti ukiikamua na maganda yake, protini ya mashudu haifiki asilimia 30. Ukiibangua kwanza, inaweza kupita 40.

Mzee wa Kinu: Hujawahi kusimama kwenye kinu wewe. Nikibangua yote, mashine inasaga uji. Ni yale maganda yanayofanya mafuta yapate njia ya kutoka. Mimi ni mtu wa mafuta, mashudu ni mabaki.

Hoja hii ya Mzee ni nzito kuliko inavyosikika. Kwa mwenye kinu, mashudu ni kitu kilichobaki baada ya kazi yake kwisha. Kwa mfugaji, kazi ndiyo inaanzia hapo. Kati ya hao wawili hapana mtu anayelipwa kuyatunza, kuyapima au kuyaboresha, na naamini sehemu kubwa ya ubishi huu wote inatokana na pengo hilo. Daktari alikuwa na jibu la nusu njia, kwamba baadhi tu ya maganda yaondolewe, mengine yaachwe yasaidie mashine, kisha mashudu yasagwe na kuchekechwa, kwa kuwa vipande vikubwa vinavyobaki kwenye chekecheo ndivyo vyenye maganda mengi. Chenga laini ziende kwa samaki, zilizobaki ziende kwa ng'ombe. Mzee hakukataa. Aliuliza tu laini hizo zitanunuliwa kwa bei gani.

Mfugaji: Singida ni mbali kwangu. Pamba iko Simiyu na Shinyanga hapa, na mashudu yake yana protini.

Daktari: Yanayo. Ila gosipoli ikiwa huru inapunguza ukuaji na kuharibu uzazi, hasa wa madume. Joto la kukamulia huifunga, lakini hujifunga kwenye laisini, na laisini ni sehemu ya ile protini uliyokuwa unaitafuta. Watu huongeza chumvi za chuma ili gosipoli ijifunge huko badala yake. Ukitumia mashudu ya pamba, yawe sehemu tu ya mchanganyiko, usiyategemee peke yake. Alizeti nayo ina ya kutosha methionini, sehemu nyingine ya protini, lakini laisini haba, soya kinyume chake. Ni kama kande, mahindi na maharage kila mmoja anamjaza mwenzake. Na hata hivyo vifaranga wadogo wanataka protini ya asilimia 40 hivi, kwao nisingekushauri uondoe dagaa wote. Wakishafika ukubwa wa kiganja, mahitaji yanashuka chini ya 30, hapo ndipo mabaki ya mimea yana nafasi pana.

Mama Dagaa: Na huo muhogo mliousema una sianidi? Sisi tunatengeneza udaga miaka yote. Tunaumenya, tunauvundika, tunauanika, tunasaga, watoto wanakula. Maganda nayo yakivundikwa si yatafaa?

Daktari: Mama, uvundikaji na jua ndivyo hasa vinavyopunguza sianidi, elimu hiyo mnayo mikononi. Tatizo ni kwamba muhogo ukivundikwa unaota kuvu, nanyi mnaukwangua na kuukausha vizuri kwa kuwa utaliwa nyumbani. Sijui kama atakayevundika maganda kwa ajili ya samaki atayakwangua kwa uangalifu huo.

Hapo mazungumzo yakafika mahali ambapo kwangu mimi ndipo moyo wa suala hili ulipo, nami naomba niketi hapo kidogo.

Mwaka 1960, katika mabwawa ya Marekani, samaki aina ya trauti walianza kukutwa na uvimbe wa saratani kwenye ini, kituo baada ya kituo. Walikuwa wamehamishiwa chakula kikavu cha kiwandani chenye mashudu ya pamba. Mwaka huo huo nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kula mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Uchunguzi wa vifo vya bata mzinga ndio uliofichua sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa njano-kijani anayeota kwenye nafaka na mbegu za mafuta zilizohifadhiwa na unyevu. Baadaye ikajulikana kuwa hiyo hiyo ndiyo iliyowaumiza trauti, nao ni wepesi kudhurika mno, kiasi kwamba sehemu chache tu za sumu katika sehemu bilioni moja za chakula zinatosha kuwapa saratani. Sato ni mgumu zaidi. Hafi mara moja. Hukua polepole, ini lake huchoka, ugonjwa mwingine ukija unamkuta dhaifu, na mfugaji anabaki kulaumu vifaranga.

Sumu hii haiondoki kwa kusaga wala kwa joto la kutengenezea tembe za chakula. Nchini Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Tangu hapo watu wetu wamejifunza kukataa mahindi yaliyoota kuvu. Lakini yakikataliwa yanakwenda wapi? Aghalabu yanakwenda kwa mifugo. Pumba inayotokana na mahindi mabaya ni mbaya kuliko mahindi yenyewe, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, sehemu zile zile zinazokobolewa. Kwa hiyo anayesema "tuwape samaki mabaki" anaweza kuwa anasema, bila kukusudia, tuwape samaki kile kilichoshindikana. Siwezi kuikubali hoja hiyo, hata ikiokoa dagaa wote wa ziwa.

Mzee wa Kinu: Mashudu yangu yakitoka mashineni ni makavu, moto. Yanaharibikia njiani na kwenye maghala yao.

Mfugaji: Na kwako yanamwagwa chini kwenye sakafu, mzee wangu. Tuseme ukweli wote.

Mzee hakujibu papo hapo. Mfugaji naye hakumng'ang'ania. Aligeukia jambo linalomvuta zaidi siku hizi.

Mfugaji: Kuna kitu kingine, Daktari. Naambiwa unga wa mlonge, wa mbegu za papai, wa maganda ya machungwa, wa kitunguu saumu, kijiko tu kwenye ndoo ya chakula, samaki haumwi na anakua mbio. Huu si mlo, ni kiungo cha kuongezea. Bei yake si kubwa. Hapo pia utaniambia subiri?

Daktari: Hapo nitakuambia uangalie nani aliyejaribu na alijaribu vipi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kwenye chakula kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na tangu hapo maabara nyingi duniani zimekuwa zikitafuta mimea ya kushika nafasi hiyo. Maganda ya machungwa yana mafuta yanayosumbua bakteria. Kitunguu saumu kina viambata vya salfa. Samaki waliopewa kiasi kidogo, gramu 5 hadi 20 katika kilo ya chakula, mara nyingi huonyesha kinga iliyochangamka, na wakiambukizwa bakteria kwa makusudi wengi zaidi hupona. Huo ni ushahidi, siudharau. Ila majaribio mengi ni ya samaki wadogo, ndani ya matangi ya maji safi, kwa wiki 8 hadi 12. Na mlonge wa ardhi hii si sawa na wa ardhi ile, uliokaushwa kivulini si sawa na uliochomwa na jua. Ukizidisha, tanini na saponini zake zinamfanya samaki akatae chakula na kudumaa.

Mfugaji: Mbegu za papai je? Wanasema zinazuia sato asizaane.

Daktari: Katika majaribio zimeharibu viungo vya uzazi vya sato, ni kweli, na kwa mwenye bwawa la udongo hilo linavutia, maana sato huanza kuzaa angali mdogo, bwawa likajaa vijisamaki visivyouzika. Ndiyo sababu wengine hununua vifaranga waliogeuzwa madume kwa homoni. Lakini kitu chenye nguvu ya kuvuruga mayai na mbegu za kiume si cha kupimwa kwa kiganja. Na wewe una vizimba, kaka. Mayai ya sato kizimbani hupenya kwenye wavu yakazama. Tatizo hilo huna, usinunue dawa yake.

Maneno hayo ya mwisho ningependa yasomwe tena na kila mwenye vizimba. Nimeona jinsi viungo hivi vinavyouzwa, na navionea huruma vile vile ninavyovionea shaka, kwa sababu vimebebeshwa ahadi ambazo mtafiti mwangalifu hakuzitoa. Vizimbani samaki hufa kwa kurundikwa wengi mno, na hufa kwa maelfu usiku mmoja maji yasiyo na oksijeni yanapopanda kutoka chini ya ziwa. Hakuna ganda la chungwa linaloweza kuzuia hilo. Mfugaji aliyetumia akiba yake kwenye unga wa mimea, akaacha kununua kipima oksijeni au kupunguza samaki kizimbani, ameuziwa matumaini. Viungo vya mimea vina mahali pake, na mahali hapo ni baada ya mlo kukamilika, nafasi kutosha na maji kuwa mazuri.

Daktari alikuwa na hoja moja zaidi, ambayo wengine hawakuitarajia. Katika mbegu na pumba, fosforasi nyingi imefungwa ndani ya fiteti, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Kwa hiyo anayelishwa mimea bila maandalizi huitoa fosforasi kwenye kinyesi, na inaanguka ziwani.

Mama Dagaa: Yaani ndiyo inayokuza gugu maji?

Daktari: Gugu maji na ule mwani unaolifanya ziwa kuwa kijani, mama. Fosforasi nyingi ziwani inatoka kwingine, lakini vizimba vikiongezeka navyo vitahesabiwa. Dawa ipo. Kuna kimeng'enya kinachoitwa fitezi, kinaongezwa kwenye chakula na kuifungua fosforasi ili samaki aitumie. Kinaharibiwa na joto kali, kwa hiyo hunyunyizwa baada ya tembe kupoa. Mwenye kutengeneza chakula kidogo nyumbani anaweza kuloweka na kuchachusha pumba, nayo fiteti hupungua. Hicho ndicho kiungo cha kuongezea ambacho ningekutangulizia, kaka, kabla ya mbegu za papai.

Mfugaji: Sawa. Basi nifanye hivi. Vizimba viwili nilishe chakula changu cha siku zote, viwili nilishe cha alizeti iliyochekechwa, soya iliyopikwa na dagaa kidogo. Vifaranga wa umri mmoja, idadi moja, nipime uzito kila baada ya wiki mbili.

Daktari: Viwili kwa viwili ni vichache kwa mtafiti, lakini kwa mfugaji ni mwanzo wa haki. Andika pia kilo za chakula, si uzito wa samaki tu. Na kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa, sampuli ya mashudu ipimwe sumukuvu.

Mzee wa Kinu: Nani atalipa kipimo?

Walibishana hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mfugaji alisema gharama ya kipimo itamla faida ya msimu mzima kwa magunia machache anayonunua. Daktari alipendekeza wafugaji wa mwalo mmoja wanunue lori zima kwa pamoja, sampuli moja ichukuliwe kutoka magunia mengi, gharama igawanywe. Mimi naona halmashauri zinazotoza ushuru kwenye kila gunia linalopita geti zingeweza kurudisha sehemu ya ushuru huo kwa kulipia kipimo hicho, na ningeanza na wilaya zenye vizimba.

Mzee wa Kinu: Niambieni mnataka tani ngapi kwa mwezi, na mtalipa kabla au baada. Mkilipa kabla, nitatandika chaga na turubai, mashudu hayatagusa sakafu. Ila bei haitakuwa ya mashudu ya ng'ombe.

Mama Dagaa: Mpe bei yake, mwanangu. Lori la dagaa likikukosa wewe, wale wazuri wa kiangazi nitawapima hapa hapa mwaloni.

Mfugaji: Nitampa, mama, uzito wa mwezi wa tatu ukinionyesha kwamba naweza. Mzee wangu, nipigie hesabu ya tani mbili.